Chokochoko za Nyanchera

Siku za kuchuma majani chai, Nyanchera aliamka kabla ya watu wote wa nyumbani kwao. Aliwasha moto, akachemsha uji wa wimbi, akaumimina kwenye kibuyu, kisha akabeba kikapu chake na kumfuata mamake shambani. Umande wa Magwagwa, huko Ukisii, ni wa baridi na hulowesha nguo mpaka kiunoni, lakini mtoto yule hakulalamika. Alichuma mpaka kengele ya kwanza ya shule ilipolia ng'ambo ya bonde, ndipo alipokimbia kijitoni kunawa miguu, akavaa sare na kuondoka mbio. Mwaka huo wa 1968 alikuwa na miaka kumi na miwili, naye alikuwa darasa la sita.

Mokeira, mamake, hakuchuma peke yake. Ng'ambo ya mtaro mdogo uliokuwa mpaka wa shamba aliishi Bathsheba, mke wa Ondieki. Ondieki alikuwa mdogo wake Ombui, babake Nyanchera, kwa hiyo Nyanchera alimwita Bathsheba mama mdogo. Ombui alikuwa mlinzi katika mashamba makubwa ya chai kule Kericho, na Ondieki alikuwa seremala mjini Kisii. Wanaume hao walionekana nyumbani kwa nadra. Wake zao wakafanya kama wanawake wa Kisii walivyofanya tangu zamani: wakasaidiana kazi kwa zamu, ushirika unaoitwa egesangio. Leo wote wawili walichuma kwa Mokeira, kesho kwa Bathsheba, na siku ya Sabato walikaa kwenye benchi moja kanisani.

Msidhani ulikuwa ushirika wa kupitisha wakati. Chai haimngoji mtu. Majani yaliyochumwa yakikaa sana ndani ya kikapu hushika joto na kugeuka mekundu, na karani wa kituo cha kununulia majani huyamwaga chini bila hata kukutazama usoni. Kwa hiyo mmoja alibeba majani kwenda kituoni kabla lori la kiwanda halijafika, na mwenzake akaendelea kuchuma. Mtu peke yake angeweza, lakini angeumia.

Tena Bathsheba alikuwa zaidi ya mchumaji mwenza. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Orpah, aliyelingana umri na Nyanchera na kusoma naye darasa moja. Wengine wawili alikuwa amewazika wakiwa wachanga. Labda ndiyo sababu mikono yake ilikuwa na huruma ya ajabu kwa wanawake waliojifungua. Wadogo wawili wa Nyanchera, wote wavulana, walipokewa na mikono hiyo hiyo. Na sasa Mokeira alikuwa mjamzito tena, mimba ya miezi saba, na kila mtu alijua ni nani angeitwa siku itakapofika.

Sasa tumtazame Nyanchera mwenyewe. Hakuwa mvivu, hakuwa mwizi, na darasani alikuwa miongoni mwa watatu wa mbele. Kilichomshinda ni ulimi.

Ilianza na kuku. Asubuhi moja Bathsheba alicheka akasema, "Kuku wa mamako leo wamekuja kunisalimu, wakapitia kwenye chinsaga yangu." Chinsaga ni mboga ambayo mtu wa Kisii hawezi kukosa nyuma ya jikoni, na kuku wanaipenda kama watu. Bathsheba aliwafukuza na yakaisha. Lakini Nyanchera alipofika nyumbani alisema, "Mama, mama mdogo anasema kuku wetu ni wezi."

Mokeira alikuwa akipepeta wimbi. Akauweka ungo chini. "Alisema hivyo?"

"Ndiyo. Alisema ni wezi kama wenyewe."

"Haya, keti hapa. Alisema nini tena?"

Nyanchera akaketi. Mamake, ambaye siku zote alikuwa na kazi kumi na masikio mawili, leo alimsikiliza yeye peke yake. Alimpa hata ndizi mbivu iliyokuwa imewekewa wavulana. Mtoto akala ndizi yake taratibu, akaona maneno yana faida.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa njia mbili. Mokeira akisema kwamba majani ya upande wa jua yamekomaa upesi mwezi huu, Nyanchera alivuka mtaro na kusema, "Mama mdogo, mama anasema wewe unachuma majani magumu ili kikapu chako kijae haraka." Bathsheba akisema amechoka, Nyanchera alirudi kusema, "Anasema egesangio hii inamchosha, yeye ndiye anayefanya kazi yote." Kila mara alianza na jambo lililosemwa kweli, kisha akatia chumvi kidogo. Alijua kiasi cha chumvi kama mpishi.

Orpah ndiye aliyemwona mapema. Siku moja wakitoka shule alimwambia, "Nyanchera, yale maneno uliyompelekea mamako jana hayakusemwa hivyo. Mimi nilikuwepo."

"Kwani nimemuumiza nani? Ni mazungumzo tu."

"Mama hakulala vizuri."

"Basi mwambie alale," akasema Nyanchera, akacheka na kumpita.

Wanawake wale wawili hawakugombana kwa kelele. Walianza kunyimana vitu vidogo. Mmoja akamwaga jivu karibu na mpaka, mwenziwe akaona limemwagwa kwa makusudi. Kuku akirudi nyumbani anachechemea, anasemekana amerushiwa jiwe. Mgomba ulioegemea upande wa pili ukakatwa bila kuulizwa. Mambo ya kijinga kabisa, mambo ambayo mtu mzima akiyasimulia huona aibu, na ndiyo sababu hakuna aliyeyasimulia. Kila mmoja aliyameza. Bado walichuma pamoja, lakini kimya, kila mtu mstari wake.

Kisha ikaja Jumapili ya nyungu.

Nyanchera alikuwa ametumwa kijitoni kuteka maji na ile nyungu kubwa ya mamake. Akiwa njiani kurudi alipita kwa Bathsheba, akamkuta akiambua maharagwe. Bathsheba alimwita. Uso wake haukuwa na kinyongo siku hiyo, ulikuwa na wasiwasi.

"Nyanchera, mwambie mamako asibebe vikapu vizito. Najua hatuzungumzi vizuri siku hizi, lakini mwambie. Mimi nilizika wawili, najua ninachosema. Mungu akijalia, huyu azaliwe salama, tumlee sote."

"Nitamwambia, mama mdogo."

Alikusudia kumwambia kweli. Lakini pale kwenye mtaro mguu uliteleza, nyungu ikaanguka ikawa vigae. Mokeira alisikia mlio huo, akatoka jikoni, akaona, akavunja fimbo ya mti wa uani. Nyungu ile alipewa na marehemu mamake. Nyanchera aliiona fimbo ikija, akatafuta cha kujikinga nacho, na mkononi hakuwa na kitu ila maneno.

"Mama, usinichape. Mama mdogo amenitia hofu ndiyo nikaanguka. Amesema yeye alizika wawili, na huyu wako tutaona kama atazaliwa salama."

Fimbo ilianguka. Mokeira alishika tumbo lake kwa mikono yote miwili. Halafu akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mtaro, akamwita Bathsheba kwa jina lake, si kwa jina la mtoto wake. Wachumaji wa mashamba ya jirani waliinua vichwa.

"Umelitakia nini tumbo langu, Bathsheba?"

"Mimi? Nimelitakia nini?"

"Umesema tutaona kama atazaliwa salama. Yaani ulizika wako sasa unangoja nizike wangu?"

Machozi yalimtoka Bathsheba kabla ya sauti. "Mokeira, watoto wako wamezaliwa kwenye mikono hii."

"Mchawi pia hupokea watoto," akasema Mokeira.

Kuna maneno ambayo yakitoka hayarudi. Neno hilo, huko kwetu, mtu hulisikia akaona nyumba yake inaungua. Bathsheba aliwatazama mmoja mmoja watu waliosimama pale, akaona wanasubiri. Akainua mkono. "Basi sikieni nyote. Naapa kwa kichwa cha Orpah, mtoto wangu wa pekee. Nikikanyaga tena boma la Mokeira, Orpah afe."

Watu wakashusha macho. Kanisani walifundishwa kwamba viapo vya namna hiyo ni dhambi, na Bathsheba alikuwa mwalimu wa watoto katika shule ya Sabato. Lakini kiapo cha wazee kilikuwa bado kinaogopwa na waliosali na wasiosali. Mtu akiapa kwa kichwa cha mwanawe, huyo mwana ndiye anayelipa. Orpah alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha kukatia mboga. Aliyasikia yote.

Nyanchera naye alisikia. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Sentensi moja tu ingetosha: mama, hakusema hivyo. Ulimi ule uliokuwa mwepesi kupita kiasi ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Akaokota vigae vya nyungu, akavitupa nyuma ya migomba.

Egesangio ikafa. Wiki iliyofuata kila mwanamke alichuma peke yake, na siku mbili kati ya siku tatu Mokeira alikuta lori limekwisha ondoka. Alirudi na majani yake, akayamwaga chini ya migomba yakawa mbolea. Tumbo lilikuwa kubwa, na kikapu kilikuwa mgongoni. Alipumua kwa kinywa akipanda mlima.

Jumanne ya wiki hiyo, mwalimu Alfayo aliingia darasa la sita akakuta wavulana wawili wanagombania kipande cha penseli. Mwalimu Alfayo alifundisha Kiswahili, lugha ambayo wanafunzi wake waliisikia shuleni na mjini tu, maana nyumbani kila mtu alisema Ekegusii. Alikipenda kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Hakuwachapa wale wavulana. Aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: CHOKOCHOKO.

"Hiki ndicho mnachofanya," akasema. "Si vita. Si kesi. Ni ugomvi mdogo wa kutafutwa. Nani anajua neno hili limetoka wapi?"

Mwalimu akalipigia neno mstari.

"Wanaoijua lugha hii vizuri wanalihusisha na kuchokoa. Mtu akila nyama ikabaki katikati ya meno, hufanya nini? Huchukua kijiti, akachokoa. Anatoa kitu kilichojificha kwa kukidungadunga na kitu chenye ncha. Na mtu anayekudunga kwa maneno ili akutoe hasira uliyoificha, anaitwa nani?"

"Mchokozi," wakaitika.

"Vizuri. Sasa sikilizeni neno lenyewe. Choko, choko. Si mara moja. Ni mara nyingi, kidogo kidogo. Mchokozi hatumii panga, ndiyo maana hujiona hana kosa. Nipeni mfano wa hapa kwetu."

Nyanchera, kwa mazoea ya kuwa wa kwanza, akainua mkono. "Mwalimu, ni kama mtu anayemchokoa mwenzake funza kwa pini mahali pasipo na funza. Hatoi kitu. Anatoa damu tu, na kesho pale pana kidonda."

Mwalimu Alfayo alimtazama kwa furaha. "Mpigieni makofi." Wakapiga, wote isipokuwa Orpah, ambaye alikuwa akimtazama Nyanchera bila kupepesa. Nyanchera akaketi huku masikio yakiwaka moto. Alikuwa amelieleza neno lile vizuri kuliko mwalimu. Maana yake aliijua, utamu wake aliujua, na bado aliporudi nyumbani hakusema kitu.

Alhamisi hawakwenda shule, yeye wala Orpah. Kila mmoja alibaki kumsaidia mamake, kwa kuwa wanawake hao hawakuwa tena na mtu mwingine. Wadogo wa Nyanchera walikuwa wamepelekwa kwa nyanya yao, mamake Ombui. Yapata saa tatu asubuhi, Mokeira aliyekuwa katikati ya shamba alitoa sauti fupi, akapiga magoti kati ya mistari ya chai. Kikapu kilipinduka. Nyanchera alikimbia akamkuta ameshika ardhi kwa vidole, na nguo yake imelowa damu.

"Bado mwezi mzima," alisema Mokeira kwa meno yaliyokazwa. "Bado. Nyanchera, mwite mama Orpah."

"Mama, ameapa."

"Mwite. Mwambie nimesema mimi. Mwambie nimemwomba."

Bathsheba alikuwa hatua mia mbili tu, kitambaa chake cheupe kilionekana juu ya chai. Nyanchera alisimama akakitazama. Aliona kama picha kile kitakachotokea: mama mdogo atakuja, wataulizana, na ukweli utatoka. Akageuka upande wa pili, akakimbia kupanda kilima kwenda kwa Bochaberi, mkunga mzee wa ukoo mwingine.

Huo ndio uamuzi alioufanya. Mtu angeweza kudhani alichanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Aliogopa kuumbuka, akaiweka aibu yake mbele ya mamake.

Nyumba ya Bochaberi ilikuwa imefungwa kwa kamba. Jirani yake akamwambia, "Amekwenda sokoni Daraja Mbili na ndizi tangu jana. Kuna nini, mwanangu?" Nyanchera alikuwa amekwisha geuka. Alirudi mbio, akaanguka mara mbili, na alipofika jua lilikuwa limepanda sana. Mamake alikuwa amelala ubavu. Macho yalikuwa wazi.

"Amekataa?" akauliza Mokeira polepole.

Hapo mtoto akavunjika. Alikimbia mpaka kwenye mtaro, akapiga kelele ambayo hajawahi kupiga. "Mama mdogo, mama anakufa! Nilidanganya. Hukusema vile, ni mimi niliyesema. Ulimtakia heri, mimi nikaigeuza."

Bathsheba alitupa kikapu, akaja mbio mpaka ukingoni mwa mtaro. Hapo akasimama, kama mtu aliyeshikwa nguo kwa nyuma. Mtaro wenyewe mbuzi mdogo angeuruka. Alitazama majani ya chai yaliyomficha Mokeira, akasikia mguno, mikono yake ikatangulia mbele na miguu ikakataa.

"Nimeapa," alisema, akilia. "Nyanchera, nimeapa kwa kichwa cha Orpah. Kiapo hakiulizi nani alidanganya. Nimebakiwa na huyu mmoja tu."

"Vuka, mama mdogo, tafadhali."

"Kimbia kwa Machogu, lete wanaume na machela. Mimi… Mungu wangu, mimi nifanye nini?"

Orpah alikuwa amefika nyuma yake. Midomo yake ilikuwa imepauka. Aliuruka mtaro, akasimama upande wa Mokeira, akamgeukia mamake na kunyoosha mkono. "Mama, kichwa ulichokiapia ni changu, nami nimeshavuka. Njoo."

Bathsheba alilia kwa sauti, akashika mkono wa mwanawe, akavuka.

Tuseme ukweli, mikono yake ilifanya yote iliyojua. Alizuia damu kwa kadiri alivyoweza. Nyanchera alimwita Machogu, jirani wa upande wa chini, naye akaja na wanawe, wakafunga blanketi kwenye miti miwili, wakambeba Mokeira mpaka zahanati, Bathsheba akitembea kando huku amemshika tumbo. Mtoto alizaliwa huko, mvulana, amekamilika vidole vyote. Hakulia.

Muuguzi alimfunika kwa kitambaa. Alikuwa mama mtu mzima, asiyependa maneno mengi. "Mama huyu ataishi," akasema. "Damu ilianza saa ngapi?"

"Saa tatu," akasema Nyanchera.

Muuguzi akatazama saa ya ukutani. "Mngemfikisha saa moja mapema," akasema, kisha akaona uso wa Nyanchera, hakumaliza. Lakini Nyanchera alikuwa amekwisha hesabu. Kilimani kwenda na kurudi ni saa moja.

Mtoto alizikwa Ijumaa nyuma ya nyumba, kabla ya kupewa jina. Ombui alikuja kutoka Kericho, Ondieki akaja kutoka Kisii. Ombui aliposimuliwa alikaa kwenye kigoda, akamtazama bintiye kwa muda mrefu. Hakumchapa. Nyanchera aliingoja fimbo siku nzima, akatamani ije, haikuja.

Jumapili watu walikusanyika kwenye mtaro, wale wale waliokisikia kiapo. Wazee walisema kwamba kiapo kilichofungwa mbele ya watu hufunguliwa mbele ya watu, na chanzo chake kitajwe na aliyekianzisha. Manasseh, mzee wa kanisa, alikuwa na Biblia mkononi. Yeye hakupenda habari za viapo, lakini aliona jinsi Bathsheba alivyomshika Orpah begani bila kumwachia tangu Alhamisi, akakubali.

"Nani aliyeanza?" akauliza Manasseh.

Nyanchera alitoka mbele. Alisema habari ya kuku, ya majani magumu, ya jivu, ya nyungu. Alisema maneno ya Bathsheba kama yalivyokuwa: Mungu akijalia, huyu azaliwe salama, tumlee sote. Kisha akasema alivyoyageuza. Na mwisho akasema jambo ambalo hakuna aliyelijua, kwamba mamake alimtuma kwa Bathsheba naye akaenda kwingine kwa sababu ya hofu.

Mokeira alikuwa ameletwa kwenye kiti, blanketi mabegani. Aliposikia hilo la mwisho alifumba macho. Hata Ombui hakuwa amelijua. Watu walinung'unika, mwanamke mmoja akatema mate chini.

Bathsheba alitamka mbele ya wote kwamba kiapo chake kilisimama juu ya uongo, na kwamba anakivua kichwani mwa mwanawe. Manasseh akaomba. Mokeira akasema, "Nilikuita mchawi. Ulitakiwa uniache nife kwenye chai." Bathsheba akamjibu, "Nilitakiwa nivuke siku ya kwanza ya kuku." Wakashikana mikono juu ya mtaro. Wagombanao ndio wapatanao, husema watu, nao walipatana kweli. Orpah yu hai mpaka leo.

Miezi miwili baadaye egesangio ilikuwa imerudi. Asubuhi moja Nyanchera aliwapelekea uji shambani. Kwa mbali alisikia mamake na mama mdogo wakizungumza, hata kicheko kimoja kidogo, cha kwanza tangu msiba. Aliharakisha. Alipokaribia, kicheko kilikatika. Bathsheba akaanza kusifu mvua. Mokeira akaanza kutafuta kitu kikapuni. Orpah akainama kwenye chai.

Haikuwa mara ya kwanza. Nyumbani, kijitoni, hata darasani, watu walikuwa wakibadilisha mazungumzo alipofika. Nyanchera aliweka kibuyu chini. "Mama, si mlisema mmenisamehe?"

Mokeira alinyoosha mgongo. Alikuwa amekonda, na sauti yake haikuwa na ukali, wala haikuwa na ulaini.

"Tumekusamehe. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Na mimi nina dhambi yangu katika jambo hili, kwa sababu kila ulipoleta neno nilikukalisha karibu nikakulisha. Kama ningevuka ule mtaro siku ya kwanza nikamwuliza mwenzangu kama alisema hivyo, leo ningekuwa na mtoto mgongoni, si kikapu. Anayesikiliza chokochoko ndiye anayezipa nguvu. Hilo ni langu, nitalibeba."

Akaendelea. "Lako ni hili. Neno la mtu ni mali yake. Ukitumwa nalo, lifikishe kama ulivyopewa. Kama halitajenga, liache pale ulipolikuta. Na ukikosea, sema siku ile ile, maana uongo wa siku moja ungenigharimu nyungu tu. Msamaha tumekupa kwa siku moja, mwanangu. Kuaminiwa hatuwezi kukupa. Hilo utalitafuta mwenyewe, na itachukua miaka. Usituchukie tukinyamaza."

"Siwachukii, mama," akasema Nyanchera.

"Haya. Chukua kikapu, uanzie mstari wa chini."

Nyanchera alichukua kikapu akashuka mpaka mstari wa chini kabisa, akaanza kuchuma, majani mawili na kichipukizi, kama alivyofundishwa. Hakugeuka nyuma. Alipokuwa mbali kiasi cha kutosikia, wale watatu wakaendelea na mazungumzo yao.